Taa ya Kulelea Miche Ndani ya Nyumba

Kila tunapozungumza habari za bustani ya nyumbani, wenzetu wa mjini hutuuliza jambo moja. Husema: ninyi mnatuambia tupande mboga kwenye makopo na magunia, je, sisi tunaokaa kwenye vyumba visivyoingia jua tufanyeje? Swali hili ni la haki. Ukienda Kariakoo leo, mahali palipokuwa na nyumba za chini zenye uani pamesimama maghorofa yaliyosongamana, na dirisha la jikoni la mtu linatazamana na ukuta wa jirani. Mama anawasha taa saa sita mchana ili achambue mchele. Mahali kama hapo mbegu ya nyanya huota vizuri kabisa, kisha mche hurefuka kama uzi, hupauka, hulala na kufa. Mama naye husema mkono wake hauna baraka ya kupanda.

Mkono hauna kosa. Mche umekosa mwanga, na siku hizi mwanga huo waweza kutengenezwa nyumbani kwa taa ndogo za LED bila kwenda chuo cha ufundi. Katika kikundi chetu cha akina mama tumetengeneza taa ya namna hiyo na kuitumia kwa misimu kadhaa, hivyo mwezi huu tunaieleza. Tunaieleza pamoja na mipaka yake, maana wapo wanaoiuza kwa maneno makubwa kuliko uwezo wake.

Kwanza tuelewe kwamba macho hutudanganya. Sisi wauguzi tunapommulika mgonjwa kwa tochi huona mboni ikijifunga mara moja, na tukiondoa tochi inafunguka tena. Kwa sababu ya kazi hiyo ya mboni, mtu anaweza kukaa sebuleni na kuamini pana mwanga wa kutosha. Lakini vipimo vinasema vingine. Jua la mchana kweupe hutoa mwanga wa laksi zipatazo 100,000, na katikati ya chumba cha kawaida mara nyingi hupatikana laksi mia chache tu. Mche hauna mboni ya kufungua. Unakula kile kinachoufikia, na usiposhiba unanyoosha shingo kuutafuta mwanga, ndiyo maana unakuwa mrefu na mwembamba.

Kipimo cha bure ni hiki. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kupanda, kisha nyosha mkono juu yake kiasi cha futi moja. Kivuli kikionekana wazi, vidole vyote vikihesabika, huna haja ya taa yoyote. Panda hapo na ufunge pochi yako. Kivuli kikiwa ukungu tu, au kisipoonekana, hapo taa ina kazi.

Sasa tuje kwenye rangi, kwa sababu hapa ndipo akina mama wanapoliwa fedha. Madukani kuna taa za zambarau zinazosifiwa kuwa ni za mimea, na bei yake imepandishwa kwa sababu ya rangi hiyo. Asili yake si uongo. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipoanza kujaribu kukuza mimea kwa LED miaka ya mwisho ya 1980, taa zenye nguvu zilizokuwapo zilikuwa nyekundu. Mwaka 1995 majani ya viazi yaliyowekwa chini ya LED ndani ya chombo cha anga cha Columbia yalitoa viazi vidogo huko huko angani. LED ya buluu yenye nguvu ilipatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliofanikisha jambo hilo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Jambo ambalo muuzaji hasemi ni kwamba LED nyeupe ya kawaida, ile inayowaka jikoni kwako, ndani yake ni LED ya buluu iliyopakwa unga maalumu unaogeuza sehemu ya buluu kuwa manjano na nyekundu. Kwa hiyo nyeupe ina buluu na ina nyekundu, na mche unapata vyote viwili. Zaidi ya hapo, chini ya mwanga mweupe unaona jani lilivyo. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi, na utachelewa kugundua manjano au vidukari. Kwa mama anayelea miche michache, nyeupe inatosha. Tafuta iliyoandikwa kati ya 4000K na 6500K. Hizo zina buluu ya kutosha kuufanya mche uwe mfupi na mnene.

Kinachoamua zaidi kuliko rangi ni umbali na saa. Taa ndogo iliyo karibu na jani hulisha mche vizuri kuliko taa kubwa iliyo darini, kwa kuwa mwanga kadiri unavyosafiri ndivyo unavyotawanyika. Balbu ya darini haiwezi kukuza mche hata ukiiacha ikiwaka usiku kucha.

Haya, tutengeneze. Nunua taa za mkanda za LED, nyeupe, za volti 12, zenye taa 60 kwa mita na wati 4.8 kwa mita. Huuzwa katika mizunguko ya mita 5. Mita 5 mara wati 4.8 ni wati 24, na wati 24 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 2. Basi nunua adapta ya volti 12 na ampea 3, ili isifanye kazi kwa kukazana. Tafuta pia trei ya aluminiamu ya kuokea, ya sentimita 40 kwa 30 hivi, ambayo hujali kuipoteza. Trei hiyo ndiyo itakayobeba taa na kuondoa joto. Watu husema LED hazina joto, lakini joto lao hutokea mgongoni, na LED iliyobandikwa kwenye mbao au boksi huiva taratibu hadi ikafa.

Mkanda una alama ya mkasi kila baada ya taa tatu, yaani kila sentimita 5. Kata pale pale penye alama, si kwingine. Kata vipande 14 vya sentimita 35, uvibandike ndani ya trei iliyogeuzwa kifudifudi, kila safu ikiachana na mwenzake sentimita 2. Kabla ya kubandika, ufute mafuta yote ya trei kwa spiriti, la sivyo gundi itaachia wiki ya pili. Kisha safu ziunganishwe kwa vipande vya waya, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, moja hadi nyingine, na mwisho mmoja uende kwenye adapta. Alama za + na - zimechapwa kwenye mkanda wenyewe. Ukizigeuza, taa haitawaka.

Kulehemu maungio hayo si kazi ngumu, lakini ni madogo, na anayelehemu kwa mara ya kwanza huunguza mkanda. Mpelekee fundi wa redio wa mtaani. Ni kazi ya muda mfupi, na ukimpelekea safu zikiwa zimeshabandikwa hataweza kukutoza kana kwamba amebuni kitu. Mwambie jambo moja: chini ya kila ungio na juu yake iwekwe tepu nyeusi ya umeme, kwa kuwa trei ni chuma, na shaba ya mkanda ikiigusa kutatokea shoti.

Taa ikishakuwa tayari, itundike kwa kamba mbili ndani ya boksi au rafu iliyo wazi upande mmoja. Kuta za ndani zipakwe chokaa nyeupe au zibandikwe karatasi nyeupe, ili mwanga unaokwenda pembeni urudi kwenye miche. Foili ya jikoni nayo hufaa, ila isiguse mkanda hata kidogo. Kamba ziwe na mafundo ili uweze kuipandisha taa miche inapokua. Miche midogo iwe sentimita 10 chini ya taa, baadaye 15. Ikianza kurefuka shingo, shusha. Ncha za majani zikijikunja au kupauka, pandisha.

Tusisitize juu ya umeme, maana nyumba hizi zina watoto. Volti 12 za mkanda haziwezi kumrusha mtu. Lakini upande wa pili wa adapta kuna volti 230 zile zile zinazoua, na sisi tunamwagilia maji hapo hapo. Hivyo adapta isikae chini ya miche, wala sakafuni, wala ndani ya boksi. Iwekwe juu, pembeni, na waya wake ushuke kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likitiririka lidondoke pale kwenye bonde badala ya kuingia kwenye umeme. Chomoa kabla ya kumwagilia. Mwenzetu mmoja alinunua adapta ya bei ya chee isiyo na maandishi yoyote, na siku ya tatu ikaanza kunuka plastiki. Bahati nzuri alikuwa nyumbani. Siku ya kwanza usitoke. Baada ya saa moja weka kiganja mgongoni mwa trei, kisha juu ya adapta. Uvuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha kiganja pale, zima na umrudie fundi.

Na kwa kuwa tumetaja watoto, tuseme neno ambalo halihusu mboga. Mwanga wa buluu hutumika hospitalini kutibu watoto wachanga wenye manjano. Chanzo cha tiba hiyo kilikuwa macho ya muuguzi: mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Jean Ward aliyekuwa akiwatoa vichanga nje kupata jua aliona ngozi iliyopigwa na jua imepungua manjano, na ile iliyofunikwa imebaki vile vile. Tunajivunia habari hiyo. Lakini mama asije akamlaza mtoto chini ya taa ya miche akidhani ni kitu kimoja. Taa ya hospitali ina rangi na nguvu iliyopimwa, na mtoto aliye chini yake hupimwa damu, hufunikwa macho na kuangaliwa unyonyaji wake. Manjano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ikifika viganjani na nyayoni, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kuchelewa kunaweza kuharibu ubongo. Kadhalika taa hii haitoi miale inayotengeneza vitamini D mwilini, kwa hiyo haichukui nafasi ya jua kwa mtoto yeyote.

Turudi kwenye miche. Iwashe saa 12 asubuhi na uizime saa 2 usiku; hizo ni saa 14. Taima ya kuchomeka kwenye soketi itakusaidia, maana mtu mwenye shughuli husahau. Usiiache usiku kucha ukidhani unaiongezea miche chakula. Nyanya zikikosa giza kabisa majani yake hugeuka manjano na kuharibika, na giligilani ikipewa mchana mrefu mno hukimbilia kutoa maua kabla hujachuma. Familia nayo inahitaji giza. Taa hii isikae chumba cha kulala, kwa kuwa mwanga mkali wa jioni huchelewesha usingizi wa watoto na wa wakubwa. Umeme ukikatika siku moja au mbili miche haitakufa. Punguza tu maji, kwa sababu mche ulio gizani haunywi sana.

Sasa hesabu. Wati 24 kwa saa 14 kwa siku 30 ni uniti 10 na nukta chache. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU yako upate gharama ya mwezi. Halafu jiulize trei moja ya sentimita 40 kwa 30 itakupa mafungu mangapi ya mchicha katika mwezi huo. Sisi tumejaribu, na jibu letu ni kwamba ukikuza mchicha wa kula chini ya taa utakuwa umenunua mchicha ghali kuliko wote mjini. Mama mjamzito anahitaji mboga za majani kwa ajili ya madini ya chuma na foliki asidi, na watoto wanazihitaji kwa vitamini A, lakini mboga hizo zitoke sokoni au kwenye magunia ya mwenye jua. Yeyote anayekuambia kwamba taa moja italisha nyumba yako, mwulize yeye anakula nini.

Faida ya taa hii ipo kwenye miche. Mche huhitaji eneo dogo, kwa muda mfupi, katika umri ambao ni dhaifu zaidi. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 4, trei moja hubeba miche 70. Nyanya huwa tayari kwa wiki 4 au 5, pilipili hoho wiki 6 au 7.

Katika kikundi chetu yuko mama anayekaa ghorofa ya pili huko Kariakoo. Mume wake alipooza upande mmoja, na tangu siku hiyo mama huyu hawezi kutoka zaidi ya saa moja, kwa sababu mgonjwa lazima ageuzwe, anyweshwe, apelekwe chooni. Biashara yake ya vitambaa ilikufa. Alipofungiwa taa mbili kwenye korido yake alianza na nyanya na pilipili hoho. Katika trei ya kwanza miche kama 20 ilianguka kwa kinyausi. Trei za baadaye zilisimama. Siku hizi akina mama wenye viwanja Chanika na Kibamba huagiza miche kwake mwezi mmoja kabla, na baadhi hulipa nusu mapema. Hatajiriki. Analipa umeme, ananunua pedi za mgonjwa na sabuni, na anazo fedha zilizopitia mkononi mwake mwenyewe. Anatuambia pia kwamba mume wake, ambaye maneno yamempungua, hukaa kwenye kiti akiitazama ile miche, na ndiye anayemwonyesha kwa kidole ulipo mche ulionyauka. Sisi tuliosomea kazi hii hatuna dawa ya jambo hilo kwenye kabati.

Kwa kuwa tumetaja kinyausi, tueleze. Ni ule ugonjwa wa mche kuoza shingo usawa wa udongo na kuanguka ghafla ukiwa bado kijani. Unaletwa na vimelea vya udongoni wanaopenda unyevu na hewa iliyotulia. Changanya udongo na mboji iliyoiva na mchanga, kisha umwagie maji yanayochemka na uuache upoe kabisa kabla ya kusia. Samadi mbichi isiingie ndani ya nyumba. Panda kwenye vikopo vilivyotobolewa chini, vikae kwenye sahani, umwagilie kwenye sahani asubuhi ili udongo unywe kutoka chini na uso wake ubaki mkavu. Usibanane miche. Upande ulio wazi wa boksi usiufunike.

Na maji yanayobaki kwenye sahani baada ya nusu saa yamwagwe. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga mayai kwenye maji madogo kama hayo, ndani na kando ya nyumba, naye huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kila wiki sahani zisuguliwe kwa brashi, maana mayai hunata pembeni na huweza kukaa makavu yakisubiri maji.

Mwisho ni kuutoa mche nje, na hapa wengi huharibu kazi ya mwezi mzima kwa siku moja. Mche uliokulia chini ya taa una ngozi laini. Haujawahi kuonja jua wala upepo. Ukiupeleka moja kwa moja kiwanjani saa nne asubuhi, jioni utakuta majani meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Siku ya kwanza uweke kivulini nje, au kwenye ngazi penye hewa, kwa saa moja tu. Ongeza saa kila siku. Siku ya tano upate jua la asubuhi kidogo, na ifikapo siku ya nane au ya kumi uweze kushinda nje. Siku hizo punguza maji bila kuuacha unyauke. Mnunuzi wa miche naye aelezwe kama imeshazoeshwa jua au bado, ili ajue aanzie wapi. Kisha ipandwe jioni, na imwagiliwe kabla giza halijaingia.